Uliza Tukujibu: maji ya rupia 20, bajaji za Chennai na bili za hospitali India

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu walioko India au walio mbioni kwenda, wanafunzi wa Hyderabad na Bengaluru, wanaopeleka wagonjwa Chennai, na dada mmoja anayefuata vitambaa Surat. Tumezifupisha kidogo na majina tumeyaacha. Niseme kabisa kabla sijaanza kwamba India ina sheria nyingi nzuri za kumlinda mnunuzi na zimeandikwa wazi, ila hakuna mtu atakayekutajia haki yako kama wewe mwenyewe hujaiuliza, na hili linanikera kwa niaba ya wageni wote maana wao ndo wa kwanza kulipishwa bei za ajabu.

Dada shikamoo. Niko Hyderabad mwaka wa pili. Kuna duka karibu na stendi, maji ya lita moja kwenye chupa pameandikwa 20 lakini jamaa kila siku anataka 25, nikiuliza ananijibu "kuling", yaani hela ya kuyapoza kwenye friji. Wenzangu wananiambia lipa tu rupia tano kitu gani, ila mimi inaniuma kwasababu nawaona wenyeji wanalipa 20. Je ni haki?
Mwanafunzi, Hyderabad

Marahaba mdogo wangu. Sio haki, na wala usiwasikilize hao wanaokwambia rupia tano kitu gani, kwani kwa mwezi mzima hizo tano tano ni nauli yako ya basi. Kila bidhaa iliyofungwa kiwandani India, iwe maji, biskuti, sabuni, hata dawa, lazima iwe imechapwa MRP, ambayo ni bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kuuza mwenye duka na kodi zote zimo humohumo. Kanuni zinazotumika sasa ni za mwaka 2011. Kushusha anaweza, na supamaketi nyingi zinashusha, lakini kupandisha hata rupia moja haruhusiwi na friji ni gharama ya biashara yake, haikuhusu.

Ila jua kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya India ilisema hoteli na mgahawa vinaweza kuuza maji juu ya MRP kwasababu pale umekaa kwenye kiti, kuna feni au AC, kuna mtu anakuhudumia, kwaiyo ukikaa mgahawani wakakuuzia chupa hiyohiyo 60 huna kesi. Duka la mtaani, kibanda cha stendi, famasi, hapo MRP ndo mwisho.

Cha kufanya, mwonyeshe kwa kidole pale palipoandikwa bei, mpe 20 yake kamili na mwombe bili. Neno bili linafanya kazi kubwa sana kule, maana muuzaji anayekuzidishia hataki iandikwe 25 kwenye karatasi yenye jina la duka lake. Akikataa kabisa, piga 1915, ndo namba ya taifa ya malalamiko ya wanunuzi, Kiingereza wanapokea. Na ukiwa stesheni ya treni tafuta maji yanaitwa Rail Neer ambayo ni ya reli wenyewe, lita moja ilikuwa 15 na tangu Septemba 2025 imeshuka mpaka 14, sasa pale jukwaani wapo wanaochukua 20 wakitegemea treni inaondoka na wewe huna muda wa kudai chenji, tembea na sarafu.

Habari dada. Nimekula na wenzangu mgahawa mmoja wa Mumbai bili imekuja ina chakula, alafu service charge asilimia 10, alafu CGST alafu SGST. Nimelipa kwa aibu tu. Hivi zote hizo ni lazima?
Msomaji wa Mombasa

Hizo mbili za mwisho ni kodi ya serikali, kwa migahawa mingi jumla yake ni asilimia 5, inagawanywa nusu kwa serikali kuu na nusu kwa jimbo ndo maana zinaandikwa mistari miwili. Hizo lipa. Service charge sio kodi, ni hela ya mgahawa wenyewe, na Julai 2022 mamlaka ya ulinzi wa wanunuzi ilikataza migahawa kuiweka kwenye bili bila ridhaa yako, migahawa ikaenda mahakamani na Machi 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema katazo ni halali. Kwaiyo siku nyingine mwambie mhudumu kwa upole kabisa aiondoe, ataenda kuchapa bili nyingine. Ukiona kijana amekuhudumia vizuri mpe chochote mkononi mwake, itamfikia yeye.

Anti mimi kero yangu ndogo. Nikinunua kitu cha 47 natoa 50, narudishiwa pipi tatu. Kila siku pipi!
Mama wa wawili, Ahmedabad

Pipi sio pesa, dadangu, zirudishe tu juu ya kaunta na utoe mkono usubiri. Hii tabia imepungua tangu watu waanze kulipa kwa simu kwa UPI, hata muuza maembe ana karatasi ya kuskani, lakini sisi wageni wengi hatuna akaunti ya benki ya India ndo tunabaki na noti na pipi zetu. Ukipata noti ya 500 ivunje mapema kwenye duka kubwa. Na ile ya 2,000 usikubali kabisa kupewa, benki kuu iliiondoa kwenye mzunguko Mei 2023 na sahivi noti kubwa ni 500.

Mimi ni mfanyabiashara, nimezoea Surat kwenye vitambaa, mwaka huu nikapita Chennai kumwona ndugu yangu aliyelazwa. Jamani bajaji za Chennai! Mita ipo, hawawashi, umbali wa dakika kumi ananitajia 200. Mumbai nilipanda hivyohivyo wakawasha mita nikalipa kidogo tu. Kwanini nchi moja iwe hivi? Na hizi za kuita kwa simu nazo dereva anapiga kwanza, anauliza unaenda wapi, unalipa cash au online, ukijibu anakata safari.
Dada wa Kariakoo

Dada yangu, swali lako zuri kwasababu watu wengi wanadhani ni ubaya wa watu wa Chennai tu. Nauli za bajaji kule zinapangwa na kila jimbo au jiji peke yake. Mumbai walipandisha Februari 2025, kianzio ni rupia 26 kwa kilomita moja na nusu, Bengaluru wakapandisha Agosti 2025 ikawa 36 kwa kilomita mbili za mwanzo, Delhi ni 30 kwa kilomita moja na nusu. Chennai sasa, nauli rasmi ya serikali ilipangwa 2013, rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo, ikaachwa hapohapo miaka na miaka huku mafuta yanapanda na kila kitu kinapanda, dereva akiwasha mita anaona anajiibia mwenyewe, ndo mita zikafa. Simtetei anayekutajia 200 kwa dakika kumi, huo ni wizi, ila ukijua chanzo unajua na jinsi ya kubishana. Mita haiwezi kukusaidia pale, kinachokusaidia ni kujua bei kabla hujafungua mdomo, fungua apu ya usafiri kwenye simu uone wanasema kiasi gani kwa safari hiyo, alafu mwambie dereva wa barabarani hicho kiasi au ongeza kumi au ishirini. Kaa kimya, anza kutembea. Mara nyingi anakuita.

Hao wa kuuliza cash au online wanafanya hivyo kwasababu wanataka hela mkononi leo, wakilipwa kupitia apu hela inachelewa. Usikate safari wewe, muache akate yeye ili faini isije kwako. Na kwa Mumbai uelewe kitu kimoja kinawasumbua wageni sana, bajaji haziruhusiwi kuingia kusini ya jiji, zinaishia Bandra na Sion, ukitaka kwenda Colaba au stesheni kuu ya CSMT unapanda teksi, zile nyeusi na njano. Sio kwamba dereva amekukataa.

Kitu kingine cha mizigo, kwasababu nyie wa vitambaa mnabeba, hawa wapagazi wa stesheni wanaovaa shati jekundu wana beji ya shaba mkononi yenye namba, elewana bei kabla hajaweka kichwani, na uisome hiyo namba kwa sauti asikie.

Kaka au dada, mimi nipo chuo Pune, mama analetwa Chennai kwa matibabu nataka nimfuate kwa treni. Kila nikiangalia tiketi naona WL 46, WL 80, sielewi, mwingine ananiambia kata tu utapata, mwingine ananiambia utalala chini. Tatkal nayo nikiingia inaniomba Aadhaar, namba ya kitambulisho cha India, ambayo mimi mgeni sina. Nisaidieni tafadhali.
Mwanafunzi, Pune

Pole sana, na Mungu amjalie mama afya. Hapa nitaongea kirefu maana treni za India ni nzuri mno, ni rahisi, na unaona nchi yote dirishani, lakini mfumo wa tiketi unamchanganya hata mwenyeji.

WL ni orodha ya kusubiri. Namba inashuka kadiri watu wanavyofuta safari zao. Kabla ya namba angalia herufi, GNWL ndo yenye matumaini makubwa, kwa kawaida inatolewa kwa safari inayoanzia mwanzo wa njia au karibu na hapo. PQWL na RLWL zinashuka kwa shida sana kwaiyo usizitegemee kwa safari ya mgonjwa. Ikifika RAC umeshapata haki ya kupanda, ila unakaa, kitanda kimoja cha pembeni mnagawana watu wawili mpaka ipatikane nafasi. Anayekwambia kata tu utapanda na WL, tangu Mei 2025 reli wamekaza sana, mwenye WL haruhusiwi kwenye behewa la vitanda wala la AC, atashushwa au atapelekwa behewa la kawaida ambalo ni kusimama. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka mwisho inajifuta yenyewe na hela inarudi. Ile ya kaunta haijifuti! Hiyo lazima uende mwenyewe kuifuta mpaka nusu saa kabla ya treni kuondoka, watu wengi wanapoteza hela hapa.

Kukata mapema ni siku 60 kabla, zamani zilikuwa 120, wakabadilisha Novemba 2024. Tatkal ndo ile ya dharura ya siku moja kabla, inafunguliwa saa 4 asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa 5 kwa yasiyo na AC, na inaisha ndani ya dakika chache. Tangu Julai 2025 kuikata mtandaoni kunataka Aadhaar kweli, kwaiyo wewe nenda kaunta ya stesheni asubuhi mapema na pasipoti yako na laini ya India inayopokea meseji kwasababu kuna OTP, yaani namba ya siri ya mara moja, wanatuma. Na uliza kuhusu nafasi za wageni, ipo kota ya wageni wenye pasipoti za nje kwenye treni kadhaa, watu hawaijui, viti vinabaki huku nyie mnahangaika na WL 80. Kwa anayepitia New Delhi, ofisi ya wageni ipo ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni yenyewe, upande wa Paharganj, akija mtu nje amekuvalia kitambulisho shingoni akakwambia imefungwa au imehama twende nikupeleke, usimfuate, mpite panda ngazi.

Angalia na jina la stesheni, maana Mumbai kuna CSMT, Lokmanya Tilak, Dadar, Bandra Terminus na Mumbai Central, Chennai kuna Central na Egmore, na foleni za barabarani ukikosea hufiki. Ndani ya treni kitanda cha kati kinafunguliwa saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, muda mwingine wote benchi la chini ni la kukaa wote. Mkija kusafiri na mama baadae, mwanamke wa miaka 45 na kuendelea ana nafasi yake ya kitanda cha chini, weka umri wake sahihi kwenye fomu. Na utakaribishwa chakula na majirani, familia za kule zikisafiri zinabeba chapati na achari za kutosha behewa zima, beba na wewe chochote cha kuwakaribisha.

Mwanangu, mimi mama wa miaka 60 na ushee niko Dar. Mzee wangu ameambiwa moyo, anatakiwa kuwekewa stenti, kile kibomba kidogo cha kufungua mshipa wa moyo, tunajichanga kumpeleka India. Jirani alienda akaambiwa gharama hii akaja kumaliza na nyingine karibu mara mbili. Kuna wakala anasema tumwachie yeye kila kitu, hospitali, hoteli, mpaka dawa. Tunaogopa. Tufanyeje?
Mama wa Temeke

Shikamoo mama. Naomba unisikilize vizuri kwasababu hela mnayojichanga ni jasho la ukoo mzima.

Kwanza kabisa kabla ya tiketi ya ndege, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaweka stenti, kila siku kazi hiyo inafanyika hapohapo Dar. Kaonaneni na daktari wao, muulizeni wazi kama ya mzee inawezekana hapa. Akisema iende India, hiyo rufaa yenyewe itakuwa na maelezo ya kitaalamu ya kutumia kuombea bei.

Pili, makadirio ya gharama yaje kwa maandishi kutoka hospitali yenyewe, sio kutoka kwa wakala. Na muulize ndani yake kuna nini, siku ngapi za kulazwa, siku ngapi ICU, stenti ngapi, vipimo vipi, dawa zimo au hazimo, na ikitokea amezidi siku, kila siku ni kiasi gani. Jirani yako naamini aliumizwa hapo, bei aliyotajiwa ilikuwa ya kifurushi na vilivyo nje ya kifurushi hakuna aliyemwambia. Alafu chumba mama, hili watu hawaelewi kabisa, kwenye hospitali nyingi binafsi za India ukichagua chumba cha juu haipandi bei ya kitanda tu, inapanda na ada ya daktari, na vipimo, na upasuaji. Chumba cha watu wawili kinatosha.

Stenti ina bei kikomo ya serikali. Februari 2017 mamlaka ya bei za dawa ya India iliweka kikomo, ile stenti iliyopakwa dawa ikawa rupia 29,600 kabla ya kodi wakati watu walikuwa wanalipishwa laki moja na zaidi, kikomo hicho kimekuwa kikirekebishwa lakini kipo. Na hospitali inatakiwa iiandike stenti peke yake kwenye bili, jina lake, kampuni na namba ya toleo. Iombeni hiyo. Bili yenye mstari mmoja tu, jumla kiasi hiki, msiikubali, ombeni yenye mchanganuo wa kila siku na kila siku jioni kijana wenu aende kaunta aangalie imefika wapi, asingoje siku ya kuruhusiwa.

Wakala muulizeni nani anamlipa. Wapo wanaolipwa kamisheni na hospitali kwa kila mgonjwa, kwaiyo atawapeleka panapomlipa yeye. Hospitali kubwa za Chennai zina dawati la wagonjwa wa nje, unawaandikia barua pepe moja kwa moja, barua ya mwaliko wa viza wanatoa, mkalimani ulizeni mapema. Viza ya matibabu inaruhusu wasindikizaji wawili.

Dawa za kurudi nazo nyumbani, mwombe daktari aandike jina halisi la dawa sio la kampuni, alafu tafuteni duka la serikali linaitwa Jan Aushadhi, yapo kila jiji na ni bei ya chini sana, dawa za presha na za moyo za miezi kadhaa mnaweza kushangaa. Hata kwenye famasi ya kawaida MRP ipo kwenye kila karatasi ya vidonge, someni.

Na malazi, kabla ya kulipa gesti ulizeni kama wanajaza ile fomu ambayo wengi wanaiita Form C, ni taarifa ya mgeni ambayo mwenye nyumba lazima aitume serikalini ndani ya saa 24. Gesti ndogo nyingi hawana utaratibu huo, mnafika usiku na mgonjwa wanawaambia wageni haturuhusu. Mkibeba dola taslimu zaidi ya 5,000 mzitangaze uwanjani mkifika, mpewe karatasi, ukiificha ndo unaipoteza.

Nimefika Bengaluru kusoma, mwenye nyumba anataka dipoziti ya miezi kumi! Ni kweli au ananiona mgeni?
Kijana wa Bujumbura

Kweli, Bengaluru imezoea hivyo, wenyeji pia wanalia. Ila inapunguzwa, bishana ufike miezi mitano au chini. Ipo sheria ya mfano ya 2021 inayosema miezi miwili, lakini jimbo lisipoipitisha haikusaidii. Mkataba utakuwa wa miezi 11 kwasababu ukizidi mwaka mmoja unatakiwa kusajiliwa, hilo lisikutishe. Piga picha kuta zote siku ya kuingia, na mkataba uandike rangi atapaka nani ukitoka na atakata kiasi gani, maana dipoziti nyingi zinaliwa hapo.

Agra nimelipishwa Taj Mahal 1,100, na 200 juu ya kuingia kaburini, mwenyeji analipa 50. Huu si ubaguzi?
Msomaji wa Nairobi

Hapana kaka, hiyo ndo bei rasmi imebandikwa dirishani, na hata Maasai Mara na Serengeti mgeni halipi sawa na mwenyeji. Tiketi yako ina chupa ya maji na vifuniko vya viatu ndani yake, wasikuuzie tena getini. Watoto chini ya miaka 15 wanaingia bure, na Ijumaa pamefungwa kwa watalii.